Slaidi ya 31

Saa saba kasoro robo mchana, ukumbi mmoja mjini Tanga. Madirisha yote wazi kwa sababu ya joto, pazia zinapepea kwa upepo wa baharini. Mtoa mada, kijana msomi na mpole, amesimama ubavu kwa wasikilizaji, uso umeelekea ukutani, anasoma. Mbele yake wamekaa wachokoaji wa pweza, wengi wao kina mama, pamoja na wavuvi wa nyavu, wachuuzi wawili watatu, diwani na mtendaji. Mada ni kufunga mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wapate kukua.

Alipomaliza akauliza kama kuna swali. Mama mmoja wa makamo akainuka, akajitengeneza mtandio.

"Mwanangu, tumekusikia. Sasa mwamba unafungwa lini?"

"Mama, hilo nimelieleza. Lipo kwenye slaidi ya 31."

Akaanza kurudi nyuma, slaidi moja baada ya nyingine, ukumbi mzima unamtazama. Ikafika. Jedwali la safu sita kwa mistari tisa, na tarehe yenyewe ipo mstari wa saba, kwa herufi ambazo hata diwani aliyekaa mbele alizikunjia uso.

Hakuna aliyecheka.

Swali la yule mama limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Kijana hakudanganya wala hakuzembea. Alijiandaa, tena sana. Kila kilichotakiwa kusemwa kilikuwemo, na watu nusura watoke ukumbini bila kukijua.

## Faili moja, kazi tatu

Watu wa pwani hawajanyimwa maneno. Mtu yuleyule mkalishe barazani jioni akusimulie ugomvi wa mpaka wa shamba, hutainuka mpaka amalize. Mpe projekta, anakupa mgongo.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kupunguza maneno kwenye slaidi. Ni wa kweli, na hausaidii. Hausaidii kwa sababu yale maneno hayakuwekwa pale kwa upumbavu. Yana kazi.

Kazi ya kwanza ni kumkumbusha msemaji asipotee. Ya pili ni kuwaonyesha wasikilizaji kitu. Ya tatu, ambayo haitajwi sana, ni kusomwa na wasiokuwepo: mkuu wa idara, mfadhili, mjumbe aliyeondoka mapema, na wale wanaoandika kwenye grupu jioni, "tunaomba slaidi." Faili moja limebebeshwa zote tatu, kama sufuria moja ipike wali, chai na maji ya kuoga. Mwenye kuumia ni msikilizaji, maana ndiye pekee ambaye hataipigia simu ofisi kulalamika.

Programu ya PowerPoint ilipotoka mwaka 1987 ilikusudiwa kusaidia kutengeneza kurasa za kuonyeshwa kwa ovahedi, ile projekta ya zamani ya karatasi za plastiki angavu. Kila karatasi ilikuwa na gharama yake, na mtu alifikiri kabla ya kuongeza nyingine. Siku hizi kuongeza slaidi ni kubonyeza mara moja, bure. Ndiyo maana zinafika arobaini na kitu bila mtu kuona ajabu.

Dawa ni kutenganisha. Kwa kila mada andaa vitu vitatu mbalimbali: kikaratasi cha msemaji, slaidi chache za ukutani, na waraka wa kurasa mbili wa kuachia watu. Kazi inaonekana kuongezeka, lakini anza na waraka. Ukishauandika, hizo nyingine mbili zinachukua muda mfupi, kwa sababu kufikiri kumekwisha.

## Mstari wa mwisho

Mfano mkubwa wa jambo hili hautoki Tanga. Tarehe 16 Januari 2003, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kilipokuwa kinapaa, kipande cha povu la kuhami joto kilichomoka kwenye tangi la nje kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwasilisha tathmini yao kwa wakubwa wa NASA, shirika la anga la Marekani, kwa slaidi.

Slaidi moja ilikuwa na kichwa cha kutuliza moyo, kwamba data za majaribio zinaonyesha makadirio yamechukua tahadhari. Chini yake kulikuwa na vipengele, na vijipengele chini ya vipengele. Mstari wa mwisho kabisa ulisema kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa inchi za ujazo 1,920, na kile cha majaribio kilikuwa 3.

Gawanya. Mara 640.

Yaani majaribio yenyewe hayakuhusu kitu kilichotokea, na maneno hayo yalikuwa chini kabisa, yakipingana na kichwa chao. Tarehe 1 Februari Columbia ilivunjika ikirudi duniani na watu wote 7 waliokuwemo wakafa. Bodi ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Agosti mwaka huohuo, iliionyesha slaidi ile pamoja na uchambuzi wa profesa Edward Tufte, ikalaumu mazoea ya kutumia slaidi badala ya ripoti za kiufundi.

Slaidi haikuua mtu. Lakini angalia ufundi wa kuficha ulivyo: hakuna aliyefuta namba. Iliwekwa tu mahali ambapo jicho hufika likiwa limechoka.

## Sentensi kabla ya kompyuta

Kabla ya kufungua kompyuta, chukua karatasi uandike sentensi moja yenye vitu vitatu: nani, afanye nini, lini. Kwa mkutano ule ingekuwa hivi: "Tunawaomba wachokoaji wa mwamba huu mkubali usiguswe kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, na leo mchague walinzi sita." Tarehe itajwe kwa kalenda na itajwe kwa bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, maana mchokoaji hupanga kazi kwa maji, si kwa Jumatatu.

Kama sentensi haiandikiki, mada haijaiva. Usitafute picha za kupamba. Rudi kwa aliyekutuma umuulize anataka watu waondoke na nini.

Halafu andika swali ambalo wasikilizaji watakuwa wanajiuliza moyoni tangu dakika ya kwanza. Kwa wachokoaji si maisha ya pweza. Ni: miezi mitatu tutakula nini, na wageni wa kijiji cha pili wakija usiku je? Watoa mada wengi huweka hayo mwishoni, baada ya historia ya mradi, malengo mahsusi na ramani ya wilaya. Mpaka hapo mtu ameshakataa kimyakimya, na aliyekwisha kukataa hasikilizi hoja, anatafuta kasoro. Lijibu swali gumu ndani ya theluthi ya kwanza. Ukisema wazi kwamba mwezi wa kwanza kipato kitashuka, watakuamini unaposema mwamba ukifunguliwa pweza atakuwa na uzito zaidi. Anakua haraka mno kiumbe yule, na hilo wanalijua kuliko wewe.

Vitabu vya ughaibuni husisitiza uanze kwa kishindo, bila salamu. Puuza hilo ukiwa Tanga. Ukiruka salamu na kuwatambua wazee, ukumbi umeupoteza kabla hujasema neno. Salimia vizuri, tambua waliopo, sema itifaki imezingatiwa, kisha usiongeze maelezo ya jinsi unavyoshukuru kupewa nafasi. Dakika moja inatosha, na ihesabu ndani ya muda wako.

Muda wenyewe ni hadithi nyingine. Umepewa dakika 30; mgeni rasmi amechelewa, mshereheshaji ameongeza ngonjera, sasa unaambiwa una 12. Ukipewa 30 andaa 20. Kisha weka alama kwenye kikaratasi chako: sehemu hii nairuka nikibanwa, na hii nairuka nikibanwa zaidi. Aamuaye jukwaani akiwa na jasho huwa anaongeza mwendo badala ya kukata, na kuongeza mwendo ni kupoteza vyote. Kuwa na toleo la dakika tano pia: sentensi yako, swali gumu na jibu lake, sentensi yako tena.

## Ukutani

Projekta haiwezi kutia weusi. Inachoweza ni kuongeza mwanga tu. Sehemu nyeusi ya slaidi ni ukuta wenyewe ulivyo, na kama madirisha yako wazi na jua la saa saba linaingia, weusi wako utakuwa kijivu cha maziwa. Kwa hiyo ile mandhari ya bluu iliyokolea na maandishi ya njano, inayopendeza sana kwenye kompyuta usiku, inakufa mchana. Tumia mandhari nyeupe na herufi nyeusi. Si nzuri kwa macho ya mbunifu, lakini inasomeka.

Jambo jingine ambalo watu hulikosea: wakiona picha imefifia, wanaikuza. Kinyume chake ndiyo sahihi. Mwanga ni uleule; ukiutandaza upana mara mbili, eneo linakuwa mara nne na kila sehemu inapata robo. Isogeze projekta karibu na ukuta, picha ipungue, mwanga ukolee. Funga pazia za madirisha yaliyo jirani na ukuta wa picha tu, yale ya nyuma yaache watu wapumue.

Ukubwa wa herufi una kipimo. Mafundi wa maonyesho husema mtu wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara 8 ya kimo cha picha, na kwa umbali huo herufi isipungue sehemu moja ya 50 ya kimo hicho. Kwenye slaidi ya kawaida yenye kimo cha inchi 7.5 hiyo ni herufi kubwa yenye kimo cha kama pointi 11, yaani fonti ya pointi 15 hivi, nacho ni kiwango cha chumba chenye giza na macho mazima. Kwa ukumbi wenye mwanga na wazee ndani, pointi 28 hadi 32. Jaribio lake ni rahisi. Kioo cha kompyuta ya kawaida kina kimo cha sentimita kama 19. Zidisha kwa 8, unapata mita moja na nusu. Simama hapo uisome slaidi yako. Wewe sasa ni mtu wa safu ya mwisho.

Kichwa cha slaidi kiwe sentensi yenye dai, si jina la sehemu. "Matokeo ya utafiti" hakimwambii mtu kitu. "Mwamba utafungwa miezi mitatu, kuanzia bamvua ya mwezi mwandamo" kinamwambia hata aliyekuwa anajibu simu.

Na lile jedwali? Liondoke ukutani, liende kwenye waraka. Mahali pake chora mstari mmoja wa miezi kumi na miwili, mitatu ipakwe rangi, juu yake tarehe mbili: kufunga, kufungua. Basi.

## Shaka iliyobaki

Nilitaka kuishia kusema maandishi yote yatoke ukutani. Kuna ushahidi upande huo: Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio kwamba watu wanaotazama mchoro na kusikiliza maelezo huelewa vizuri kuliko wale wanaowekewa pia maandishi yaleyale yanayosemwa. Jicho haliwezi kusoma na kutazama mchoro kwa wakati mmoja, na msomaji humaliza mstari kabla ya msemaji, kisha anamsubiri.

Lakini tafiti hizohizo zina mpaka wake. Kama lugha si ya mtu, au neno ni geni, maandishi humsaidia. Na ukumbini yumo mzee asiyesikia vizuri, yumo Msambaa ambaye Kiswahili chako cha kiofisi kinampita kasi, yupo aliyekaa chini ya pangaboi lenye kelele. Kwa hao ukuta mtupu ni dharau.

Mahali nilipofika ni hapa: neno gumu liandikwe, jina liandikwe, namba na tarehe ziandikwe. Sentensi za maelezo zisiandikwe. Na unapoonyesha kitu ukutani, nyamaza. Gusa au elekeza kidole, geuka uwatazame watu, ndipo useme. Ukimya huo wa sekunde tatu nne unamtisha msemaji peke yake. Wasikilizaji wanautumia kusoma.

## Umeme, waya na kipaza sauti

Fika saa moja kabla. Si kwa ajili ya heshima, ni kwa ajili ya waya. Projekta nyingi za kumbi zetu bado zinatumia VGA, tundu la waya la zamani, kompyuta mpya zina HDMI au USB-C tu, na adapta haipo kamwe. Beba yako. Kumbuka VGA haipitishi sauti, hivyo video yako itakuwa bubu usipoleta waya wa spika. Ukiunganisha na ukuta ukabaki mtupu, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kuonyesha pande zote mbili. Beba ekstensheni ndefu, na uibandike sakafuni kwa utepe wa gundi. Mtu akijikwaa, kompyuta ndiyo huanguka.

Hifadhi nakala ya PDF kwenye flashi. Kompyuta ya watu isiyo na fonti yako itabadilisha herufi na mistari itavuka ukingo. PDF haibadiliki, ila video na mwendo wa vitu havitafanya kazi humo.

Vitufe viwili vya kukariri katika PowerPoint: B huzima picha ukutani, watu wakurudie wewe, na ukibonyeza tena inarudi. Kingine ni kuandika namba ya slaidi kisha Enter, inakurukisha moja kwa moja. Kijana wetu angeijua hiyo, asingerudi nyuma hatua kwa hatua mbele ya umati.

Umeme ukikatika, usisimame ukingoja jenereta huku unaomba radhi. Bango kitita, lile la karatasi kubwa za kufunua, liwe limesimama tayari pembeni tangu asubuhi, na makapeni nyeusi mbili ulizozijaribu. Ukiandika, herufi ziwe na kimo cha sentimita tano kwa watu walio mita kumi. Mchoro wa miezi kumi na miwili unachorwa kwa nusu dakika, na ukichorwa kwa mkono mbele yao watu huufuata vizuri zaidi kuliko ulipokuwa ukutani. Mada isiyoweza kutolewa kwa bango kitita huwa haijaeleweka na mwenye nayo.

Kipaza sauti kishike umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, kidogo kwa upande ili herufi za P na B zisipige. Usizibe kichwa chake kwa kiganja kama waimbaji, na usipite mbele ya spika. Ule mlio wa kukata masikio ni kipaza kinachosikia sauti yake chenyewe kutoka kwenye spika na kuirudisha tena. Ukianza, kielekeze mbali na spika au urudi nyuma yake, usikipige vidole.

## Kujizoeza

Kupitia slaidi kimoyomoyo si mazoezi. Mdomo hugundua matatizo ambayo jicho haliyaoni: sentensi ndefu isiyo na pumzi, neno linalokukwama, mahali ambapo hujui unatokaje hapa kwenda pale. Simama, toa sauti, weka saa, jirekodi kwa simu. Mara ya kwanza itakuwa mbaya kwa kila mtu. Mara ya tatu ndipo unapojua urefu halisi.

Sentensi mbili za mwanzo na ya mwisho zikariri neno kwa neno, maana hapo hofu hupanda. Katikati usikariri. Kwenye kikaratasi andika maneno matano sita ya kukuongoza na namba zote, kwa herufi kubwa. Kitakachokusaliti jukwaani ni namba, kwa nadra wazo.

## Slaidi inayokaa kuliko zote

Inayofuata ni sehemu iliyo dhaifu katika mada nyingi nilizoziona Tanga na kwingineko: maswali. Mtu anauliza bila kipaza sauti, mtoa mada anamjibu yeye peke yake, watu themanini hawajui kinachojibiwa. Rudia swali kwenye kipaza kabla ya kujibu. Kunakufaa pia, unapata sekunde za kufikiri. Mzee akiinuka na badala ya swali akatoa historia, usimkate. Mwache amalize, chukua jambo moja alilosema, ulitaje, mshukuru, mpe nafasi mwingine. Na ukikosa jibu, sema huna na useme utampelekea nani na lini. Kubabaisha mbele ya wavuvi kuhusu bahari ni kujitafutia aibu.

Maswali yasiwe mwisho. Kata dakika mbili baada yake useme ile sentensi yako tena, kwa sababu swali la mwisho linaweza kuwa la posho.

Tazama pia kinachobaki ukutani muda huo wote. Mara nyingi ni slaidi yenye maneno "Asanteni kwa kunisikiliza" na picha ya maua, na inakaa hapo nusu saa. Hakuna slaidi nyingine inayotazamwa muda mrefu kiasi hicho, na ndiyo tupu kuliko zote. Weka hapo ombi lako, tarehe, na namba ya simu ya ofisi. Asante iseme kwa mdomo.

Waraka gawa mlangoni watu wakitoka, isipokuwa kama mnajadili hesabu, hapo kila mtu awe nao mkononi tangu mwanzo, na umpe dakika tano za kuusoma wewe ukiwa kimya. Wakiomba slaidi kwenye grupu jioni, watumie waraka.